Mdhamini Mmoja

Katika nchi yetu mtu hubaki raia maadamu yupo raia mwingine anayemdhamini, na kila raia hudhamini mtu mmoja tu. Nyamizi alidhaminiwa na mama yake, Bi Kalunde, tangu alipozaliwa. Sasa alikuwa chuoni akisomea sheria ya uraia na haki za wageni, na kila akirudi likizo alimsimulia mama kesi alizosoma huku wakichambua mchele.

Likizo hii aliweka kiganja mlangoni, mlango ukakataa kufunguka. "Mgeni, subiri mwenyeji," ulisema.

Mama yake akaja kumfungulia, macho chini.

"Nimemdhamini kaka yako," alisema. "Tangu mkewe amwache hakuwa na mtu wa kumdhamini. Wangemfukuza nchini."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe umesoma, mwanangu. Haki za wageni unazijua zote. Lugendo hajui hata moja."

"Haki ya kwanza ni kuarifiwa mapema."

"Ningekuarifu, ungenizuia."

Nyamizi alichungulia ndani. Sebuleni Lugendo alikuwa akila, amewapa mgongo, na hakugeuka kumsalimu dada yake.

Sheria iliyofuata aliijua vizuri, kwani aliwahi kuitungia hoja darasani: mgeni haruhusiwi kulala nyumbani mwa raia bila idhini yake.

"Mama," aliuliza taratibu, "unaniruhusu nilale?"

Bi Kalunde alitupa jicho sebuleni, akashusha sauti.

"Ngoja kwanza nimuulize kaka yako."