Sanduku Lililopungua

"Fundi, nakuuliza kwa mara ya mwisho, tena kwa wema. Sanduku liko wapi?"

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, jasho linamtiririka. Kituoni foleni ilikuwa imeshauzunguka uzio wa shule. Fundi seremala alikaa juu ya benchi lake la kazi, macho chini.

Mwaka huo mambo yalikuwa magumu, acha tu. Viwanda vilifungwa, mishahara ikawa hadithi, na hospitalini ulitakiwa uende na glavu zako na uzi wako. Serikali ilishindwa hata kuagiza masanduku ya kura ya plastiki. Ikaamua yatengenezwe ya mbao, na kazi akapewa fundi huyu, ambaye hakuwa ameshika randa tangu mwaka uliopita. Mbao zililetwa kwa hesabu, na vipande vilivyobaki walinzi waliozisindikiza walivibeba kwenda kupikia. Jana masanduku yalipochukuliwa, moja halikuwepo.

"Kaliuza," alisema wakala wa upinzani, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza kwa jinsi asivyojua kunong'ona. "Saa hizi limeshajazwa kura. Tutaibiwa tena, na njaa hii itatukalia miaka mitano mingine."

Watu waliomfuata wakaguna. Maskini, waliamka na matumaini siku hiyo, na hawakuwa na kingine cha kuamkia.

"Nitalilipa," fundi alisema. "Kidogo kidogo."

"Utalilipia jela," askari aliyekuja na msimamizi akamjibu.

Mke wa fundi akatoka ndani akijishikilia ukutani. Alikuwa amepauka, gauni limelowa kifuani. Jirani alinyoosha mkono amsaidie, akaukataa.

"Shemeji, mwambie mumeo aseme," msimamizi alimwomba. "Mimi simtakii mabaya."

"Mume wangu hajauza kitu."

"Sasa liko wapi?"

Mwanamke alimtazama mumewe, akaketi palepale chini. Ilitia huruma, lakini huruma ya watu siku hizo ilikuwa imepungua kama unga.

Kipaza ndiye aliyechungulia nyuma ya nyumba akaona udongo mbichi kando ya ukuta. "Njooni huku," akaita. "Amelifukia."

Fundi akaruka kutoka kwenye benchi, akamshika askari kwa mikono miwili. "Afande, nipeleke jela. Nakiri nimeiba, andika nitie saini. Ila nakuomba, msichimbe."

Nani angemsikiliza? Mtu akiomba hivyo, kila mmoja anajua ana kitu cha kuficha. Jembe likaletwa. Kipaza akavua shati, akachimba mwenyewe, huku akiwatangazia watu kwamba leo wezi wa kura wataumbuka. Fundi alikuwa amepiga magoti, analia waziwazi mbele ya majirani zake.

Shimo halikuwa refu. Sanduku lilionekana upesi, na hata waliokuja kwa hasira walikiri moyoni kwamba lilikuwa zuri, limepigwa randa likalainika kuliko yote yaliyokwenda kituoni. Kipaza akapiga goti, akafuta udongo juu ya kifuniko kwa kiganja.

Tundu la kutumbukizia kura lilikuwa limezibwa kwa uangalifu, mchanga usipenye, kwa soksi mbili za mtoto mchanga.