Bendeji ya Alhamisi

Kwa miaka tisa Mize ndiye aliyekiosha kidonda cha mguu wa mumewe, Shamte, kila asubuhi, kwa maji ya chumvi na asali. Sasa ni mwezi wa tatu Nesi Raya wa zahanati anakifunga kwa bendeji ya kubana, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, na ameagiza isifunguliwe mpaka Alhamisi nyingine.

"Mkono wa yule binti mwepesi," Shamte alisema. "Hata sisikii maumivu."

"Mimi nilikuwa nakuumiza?"

"Nimesema hivyo, mke wangu?"

Shamte aliposinzia mchana, Mize aliketi mkekani, akaupakata mguu, akaifungua bendeji mzunguko baada ya mzunguko. Moyoni alitaka kukuta usaha. Alikuta nyama nyekundu, safi, na kidonda kilichokuwa na upana wa kiganja kimebaki sawa na ukucha.

Akaanza kuifunga tena. Ikalegea. Akarudia, ikakunjamana. Mara ya tatu Shamte alifumbua macho, akamwona, wala hakukasirika.

"Kaza hapo kifundoni," alisema taratibu. "Yeye hukaza hapo, huku akiniuliza habari za ujana wangu."

"Na wewe humwambia?"

"Ananiuliza, namwambia."

Miaka tisa Mize alikuwa akiosha kimya, asije akamwumiza. Akavuta bendeji.

"Ulikuwa kijana wa namna gani?" aliuliza, bila kuinua macho.

Shamte alijiinua, akaegemea ukuta ili amwone vizuri, akaanza kumsimulia. Mguu ulilala mapajani mwa mkewe, umefungwa nusu.