Tetere Kiganjani

Mwajabu aliganda kwenye mlango wa uani, kombeo bado likining'inia mkononi. Alikuwa anatoka shambani, ambako tangu alfajiri aliamia mpunga, akipiga kelele kufukuza ndege mpaka sauti ikamkauka.

Na hapa nyumbani mumewe alikuwa amechuchumaa, anawalisha ndege.

Chakula chenyewe hakikuwa cha kununua. Zilikuwa chenga za mchele na ukoko wa jana alioutwanga, na maji kidogo kwenye kifuu cha nazi.

"Njoo, roho yangu," alimbembeleza tetere mmoja. "Kula taratibu, bibie. Nani atakunyang'anya?"

Tetere akapanda kiganjani. Kila alipomeza punje, kishingo chake kilituna, na mwanamume yule alizuia hata pumzi asije akamshtua.

Tangu aolewe, Mwajabu hakuwahi kuitwa roho yangu. Aliitwa "wewe", na walipozaa, "mama watoto".

Akaweka jiwe kwenye kombeo na kuanza kulizungusha.

Tetere aliusikia mvumo ule, akaruka. Mumewe akageuka.

"Mama watoto! Unataka kumuua? Amekukosea nini?"

"Umemwita nani roho yangu?"

Mumewe akacheka. "Huyu si ndege tu?"

Mwajabu hakucheka. Alilitupa kombeo chini, akaja kukaa mbele yake, palepale kwenye chenga.

"Haya. Niite na mimi, nisikie."

Mumewe akafungua mdomo. "Ro..." alianza, taratibu, kama anayeogopa kumshtua.