Kitasa cha Upande wa Bi Rehani

Siku ile mjinga alikuwa Shamte, tuliseme mapema. Mkewe, Bi Rehani, alikuwa amechoka kuushikilia mlango wake kwa kamba kila gari lao kuukuu lilipokata kona, maana kitasa kilikuwa kimelika meno. Shamte akanunua kingine cha mtumba, akakipeleka gereji mfukoni. Fundi Lusekelo alipong'oa kile kibovu, Shamte akakinyakua, akakitia mfuko uleule.

"Vyote nashika mimi. Mafundi nawajua, mnabadilisha."

"Sawa, mzee. Nipe cha kufunga."

Akampa, macho hayabanduki kwenye vidole vya fundi.

"Una hakika ni hiki, mzee?"

"Funga. Usinizungushe."

Kona ya kwanza tu, mlango ukafunguka. Bi Rehani akaponea mkanda. Shamte akarudi gereji anafoka.

"Kitasa changu kizima umekipeleka wapi?"

"Toa cha mfukoni, mzee."

Shamte akakitoa. Meno yake yalikuwa mazima.

"Sasa fundi, si ungesema?"

"Nilikuuliza."

"Uliuliza kwa ujanja ujanja..."

"Fundi, usikifunge kwanza," alisema Bi Rehani, akinyoosha mkono apewe ufunguo. "Mpaka nyumbani naendesha mimi. Huyu atakaa huku, ashike kamba."