Hatua Tatu Kutoka Kwenye Kioo

Tangu wanyama wote wawe mali ya Idara ya Viumbe, aliyekaa nao nyumbani aliitwa mlezi tu, na mlezi hakuruhusiwa kutia mkono majini. Mfuniko wa tangi aliufungua afisa peke yake.

Mama Tusa alilea aksolotli wawili, wanyama wa majini wanaofanana na mijusi. Jumatatu asubuhi alikuta mkubwa amemng'ata mdogo mguu mpaka umekatika. Akapiga simu idarani.

"Afisa atafika Alhamisi," sauti ikamjibu.

"Alhamisi si atakuwa ameshaliwa? Nifungulieni tu nimtoe!"

"Pole, mlezi. Ni Alhamisi."

Akavuta kigoda. Kila mkubwa alipomsogelea mwenzake, Mama Tusa aligonga kioo, naye akarudi nyuma. Alipochoka, mumewe, Ambakisye, alimpokea zamu. Mdogo alijibanza konani kutwa nzima, matamvua yake ya kupumulia, ya rangi ya waridi, yakitikisika polepole.

Jioni tangi lenyewe likasema, "Mlezi, unawasumbua viumbe. Rudi nyuma hatua tatu, la sivyo utanyang'anywa wote wawili."

"Tufanyeje sasa?" Ambakisye akauliza.

Mama Tusa akarudi hatua tatu, ngumi yake ingali juu kama ya mtu anayebisha hodi. Mkubwa akaanza kuogelea kuelekea konani.