Maji ya Kunywa Tu

Fébronie alikataa katakata kupiga yowe, na mwongozaji wa filamu akashika kichwa.

Karakana moja ya mtaa wa Granville, ugenini alikokimbilia Fébronie, ilikuwa imegeuzwa nyumba ya walowezi wa Marekani ya kale, kule magharibi porini, na yeye ndiye aliyekuwa mke wa mwenye shamba. Majambazi wakivunja mlango, mke apige yowe mpaka mume afike na farasi kumwokoa. Ndivyo walivyokuwa wanawake wa huko, alisema mwongozaji, utadhani alikua nao. Fébronie alimjibu kwamba mwanamke aliye peke yake porini hapigi yowe. Ananyamaza, anashika chochote kilicho karibu. Watu wakacheka. Yeye hakuwa anatania: kule Kivu majambazi waliingia kwake, na katika nyumba nzima ni yeye tu aliyetoka hai.

Jambazi alikuwa Anicet, kijana Mkongomani wa mtaa wa Doonside, mpakiaji wa ghala. Hakuwa na raha hata kidogo. Aliomba apewe kazi nyingine, hata ya kushika taa, akanyimwa. Akaambiwa aseme tu, kwa lugha yake, maneno ambayo jambazi angeyasema mlangoni.

Taa zikawashwa. Sauti ya Anicet ikaja kutoka nyuma ya mbao, ya upole, yenye adabu zote.

"Mama, utufungulie. Tunaomba mayi ya kunywa tu."

Fébronie akaishika bunduki ya mwenye shamba iliyotundikwa ukutani. Ni maneno yale yale aliyoyasikia mlangoni kwake Kivu. Ndiyo yaliyomfanya mumewe afungue mlango, maana kwao mtu hanyimwi maji. Nani angeyajua kama si yule aliyeyasema?

Mlango ukapigwa teke, ukaanguka. Bunduki haikuwa na risasi, lakini kitako chake kilikuwa mti mgumu. Fébronie alimtandika Anicet nacho usoni, akasikia meno yakivunjika. Kijana alipoanguka alimpiga mbavuni, akarudia, huku mwongozaji akimsifu kwa kuigiza vizuri. Kisha Fébronie akaiinua bunduki juu ya kichwa cha kijana. Sasa alitaka kuua.

"Hayo maneno uliyatoa wapi?"

Anicet hakujikinga. Alitema damu sakafuni, akamtazama.

"Nilikuwa chini ya kitanda," alisema. "Kwetu, mama yangu njo aliwafungulia."