Gari Linamsubiri Mzee

Siku hizi ni marufuku mtu kushika usukani wakati wa kuegesha. Gari hupima nafasi na kuingia lenyewe. Hata hivyo baba mkwe wangu, Mzee Shebughe, alikuwa akisimama nyuma kila siku: "Njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo!" Kisha alipiga buti la gari kwa kiganja mara mbili.

Alipougua, gari lilianza kugoma getini. Skrini iliandika: "Namsubiri Mzee."

"Nani kalifundisha?" nilimuuliza mume wangu.

"Si mimi."

Wiki ya tatu, dirisha la mgonjwa likafunguka. "Njoo, njoo! Hapo hapo!"

Gari likaingia taratibu, likasimama, lakini halikuzima. Lilingoja buti lipigwe.

"Nileteeni ndara zangu," akasema Mzee.